Maana na Asili ya Kitenzi "Acquit" katika Sheria ya Kiingereza

1. Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hatua hiyo ilistahili kupokelewa kwa shukrani, kwa maana mtu anayehukumiwa kwa lugha asiyoielewa huwa amesimama gizani hata kama hukumu yenyewe ni ya haki. Lakini kuihamisha sheria kutoka lugha moja kwenda nyingine si kazi ya kutafuta neno la kuweka mahali pa neno. Maneno ya sheria yana ukoo wao, na mara nyingi maana yake imefichwa katika ukoo huo.

Makala hii inakusudia kuchunguza kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, nacho ni "acquit". Katika magazeti yetu, na hata katika mazungumzo ya mahakamani, kitenzi hiki hutafsiriwa "kuachia huru". Tafsiri hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Mtu aliyelipiwa dhamana ameachiwa. Mtu ambaye upande wa mashtaka umeondoa shauri lake ameachiwa. Mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho asipatikane na hatia naye ameachiwa. Wote watatu hutoka mlangoni wakiwa na ndugu zao, na pengine wote husindikizwa kwa nyimbo. Walakini mbele ya sheria hali zao ni tatu mbalimbali, na ni mmoja tu kati yao ambaye Kiingereza kingesema juu yake kwamba ame-"acquittiwa".

Swali basi ni hili: mshtakiwa anapoambiwa "umeachiwa huru", ameambiwa nini hasa? Je, arudi kulima shamba lake kwa amani, au aendelee kulala macho wazi akisikiliza mlango? Mchungaji anayehudumia mahabusu na jamaa zao hukutana na swali hili mara kwa mara, na hawezi kulijibu vema bila kujua neno lenyewe lilitoka wapi.

2. Neno lililozaliwa katika hesabu za madeni

Mzizi wa "acquit" ni neno la Kilatini "quies", yaani pumziko au utulivu, pamoja na kivumishi chake "quietus", aliyetulia. Katika Kilatini cha Zama za Kati kilitokea kitenzi "acquietare", yaani kumaliza dai hata likatulia. Kifaransa cha kale kilikitamka "aquiter", na baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi katika mahakama na ofisi za nchi hiyo. Katika karne ya 13 kitenzi hiki kilikuwa kimekwisha kuingia katika Kiingereza chenyewe. Maana yake ya kwanza haikuwa ya jinai hata kidogo. Ilikuwa kulipa deni.

Ndugu zake katika Kiingereza wanaonyesha ukoo huo waziwazi: "quiet", yaani kimya, "quit", yaani kuacha au kuondokana na jambo, "requite", yaani kulipa wema au ubaya, na "acquittance", yaani stakabadhi ya deni lililolipwa. Hata "requiem", ibada ya kuwaombea wafu pumziko, hutoka katika mzizi uo huo.

Mahali panapofaa sana kuliona neno hili likifanya kazi ni katika hazina ya wafalme wa Uingereza katika karne ya 12. Maafisa wa mfalme waliketi kuzunguka meza iliyotandikwa kitambaa chenye miraba, nao wakahesabu kwa kusogeza vihesabio juu ya miraba hiyo. Masherifu wa wilaya waliitwa mbele ya meza hiyo kutoa hesabu ya fedha za mfalme. Malipo yalithibitishwa kwa vijiti vilivyokatwa alama na kupasuliwa sehemu mbili, kila upande ukibaki na nusu yake, ili mmoja asiweze kumdanganya mwenziwe. Sherifu alipokwisha kulipa yote, mwandishi aliandika katika ngozi maneno ya Kilatini "et quietus est", yaani, naye ametulia: hana deni. Gombo la zamani kuliko yote katika yale yaliyosalia ni la mwaka 1130.

Hapa msomaji na atulie kidogo, kwa kuwa jambo hili ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Utulivu unaotajwa katika maneno yale si hali ya moyo wa sherifu. Pengine aliondoka pale akiwa mgonjwa wa hofu. Utulivu unaotajwa ni wa dai. Mwenye kudai hana tena la kusema. Tangu mwanzo wake, kwa hiyo, neno hili limehusu kunyamazishwa kwa mdai, wala si kufurahishwa kwa mdaiwa.

Sheria ya ardhi ya siku zile ilikuwa na matumizi mengine yanayostahili kutajwa. Mara nyingi mkulima alishika ardhi kwa bwana mmoja, na bwana huyo naye aliishika kwa bwana mkubwa zaidi. Ikiwa bwana wa kati hakutoa huduma aliyodaiwa, bwana mkubwa aliweza kukamata mifugo ya mkulima ingawa mkulima mwenyewe hakukosa neno. Sheria ilimlazimisha bwana wa kati kumkinga mkulima na madai ya huyo aliye juu, na wajibu huo uliitwa kwa jina la kitenzi chetu. Sheria ya Westminster ya mwaka 1285 iliuimarisha. Kwa hiyo "acquit" iliweza pia kumaanisha kusimama katikati na kubeba dai ili lisimfikie aliye chini.

Lugha nyingine zimehifadhi uhusiano huo wa deni na hukumu. Wasomaji wetu wa Kongo na Burundi wanaotumia Kifaransa wanajua kwamba hata leo kitenzi "acquitter" husemwa juu ya mtu anayelipa kodi na juu ya mahakama inayomwondolea mtu mashtaka. Katika Kiarabu neno "baraa" hutumika kwa kutokuwa na hatia na kwa kutokuwa na deni pia. Wajerumani wamegawanya mambo: stakabadhi wanaiita "Quittung", neno la ukoo wetu huu, lakini kwa mahakama wanatumia kitenzi "freisprechen", yaani kumtamka mtu kuwa huru.

3. Kutoka deni hadi mashtaka

Neno la hesabu lilipataje kuingia katika jinai? Jibu ni kwamba kwa watu wa kale mashtaka yalikuwa aina ya dai. Katika sheria ya Waingereza wa kabla ya 1066, aliyemwua mtu aliweza kudaiwa na jamaa za marehemu malipo yaliyopimwa kwa daraja ya aliyeuawa. Mshtaki alisimama kama mdai, na mshtakiwa kama mdaiwa. Aliyeshinda shauri lake alikuwa ametulia mbele ya dai, sawasawa na sherifu aliyekwisha kulipa.

Kwa muda mrefu uthibitisho ulitafutwa kwa majaribu ya moto na maji, na makasisi walitakiwa kuyabariki. Mtaguso wa Nne wa Lateran, mwaka 1215, ulikataza makasisi kushiriki, na mwaka 1219 serikali ya mfalme Henry wa Tatu ikawaagiza mahakimu wake watafute njia nyingine. Njia iliyokua mahali pa majaribu ni baraza la wazee wa mahakama, yaani majirani walioapishwa kusema kweli. Waliposema kwamba mshtakiwa hakutenda, waandishi wa mahakama hawakutunga neno jipya. Walitumia lile la hazina: "quietus", ametulia.

Yafaa ikumbukwe kwamba Mwingereza wa kawaida wa siku zile hakuyaelewa maneno hayo. Mahakama zilisema Kifaransa na kuandika Kilatini. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza liliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, likitoa sababu kwamba watu hawakijui Kifaransa na hivyo hawajui wanachoshtakiwa. Hata hivyo mawakili waliendelea kushikilia Kifaransa chao cha sheria kwa karne kadhaa, na kumbukumbu za mahakama hazikuamriwa kuandikwa kwa Kiingereza mpaka sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika 1733. Wanaodhani kwamba Kiingereza kilizaliwa kikiwa lugha ya sheria na Kiswahili hakikuzaliwa hivyo wanasahau historia hiyo.

Kutokana na asili hii tunaelewa pia mpaka wa neno lenyewe. Kumpa mtu hukumu ya "acquit" si kusema kwamba amethibitika kuwa mwema. Ni kusema kwamba dai lililoletwa juu yake halikusimama. Katika kesi ya Woolmington ya mwaka 1935, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisisitiza kwamba ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hatia pasipo shaka ya maana, wala si juu ya mshtakiwa kuthibitisha usafi wake. Kanuni hiyo imepokelewa katika mahakama zetu. Mdai asipothibitisha deni, hakuna deni. Kwa sababu hiyo jirani anayesema, "Ameachiwa, lakini hakusafishwa," anadai kitu ambacho sheria haimdai mtu yeyote.

4. Waliotulia wakabaki kifungoni

Historia ya neno hili inayo pia mambo ya kuhuzunisha, na hayo nayo yanafundisha. Mwaka 1670 William Penn na William Mead, wafuasi wa madhehebu ya Marafiki, walishtakiwa mjini London kwa kuhusika katika mkusanyiko usio halali baada ya Penn kuhubiri barabarani. Wazee wa mahakama walikataa kuwatia hatiani. Wakafungiwa bila chakula, na walipozidi kushikilia neno lao wakatozwa faini na kupelekwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushell, alipeleka shauri hilo mbele, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba wazee wa mahakama hawawezi kuadhibiwa kwa ajili ya uamuzi wao. Tangu hapo ikajulikana kwamba uwezo wa kusema "hana hatia" ni bure kabisa ikiwa anayesema ataadhibiwa kwa kusema hivyo.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Katika karne ya 18 walinzi wengi wa magereza ya Uingereza hawakulipwa mshahara, bali waliishi kwa ada walizotoza wafungwa. Mwaka 1773 John Howard, Mkristo mwenye bidii, aliteuliwa sherifu wa Bedfordshire. Alipotembelea gereza akakuta watu ambao mahakama ilikuwa imekwisha kusema kwamba hawana hatia, lakini walirudishwa ndani kwa kuwa hawakuwa na fedha za kumlipa mlinzi ada yake. Alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka 1774 ikapitishwa sheria ya kufuta ada hizo kwa waliokwisha kuachiwa na mahakama.

Hebu tutafakari jambo hilo. Neno ambalo maana yake ya asili ni "hana deni" lilitamkwa juu ya mtu, kisha mtu huyo akafungwa kwa sababu ya deni. Neno lilikuwa sahihi katika vitabu, bali halikumfikia mwenyewe. Hapo tunajifunza kwamba hukumu ya kuachiwa haikamiliki mpaka mlango ufunguliwe, na mtu ajue kwamba umefunguliwa kweli.

5. Kutua mzigo na kufuta deni

Sasa tuje kwetu. Sheria ya mwenendo wa jinai tunayoitumia ilipitia India kabla ya kufika kwetu. Tangu mwaka 1897 sheria za Uhindi zilitumika katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na Tanganyika ilizipokea baada ya mwaka 1920, mpaka sheria mpya zilipotungwa mwaka 1930. Tanzania ilitunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inayotumika sasa mwaka 1985. Katika safari yote hiyo vitenzi viwili vilisafiri pamoja: "acquit" na "discharge".

Kitenzi hiki cha pili nacho kina asili yake. Kilitoka katika Kifaransa cha kale, na kabla ya hapo katika neno la Kilatini la gari la mizigo. Maana yake ya kwanza ni kupakua, kutua mzigo. Tofauti ya asili hizi mbili inaeleza tofauti ya sheria kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Mzigo uliotuliwa chini unaweza kuinuliwa tena na kuwekwa mgongoni. Deni lililofutwa haliwezi kudaiwa mara ya pili.

Ndivyo ilivyo mahakamani. Kwa sheria ya Tanzania, na vivyo hivyo ya Kenya, upande wa mashtaka ukiondoa shauri kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa anatuliwa mzigo tu, na kuachiwa huko peke yake hakuzuii mashtaka mapya kwa mambo yale yale. Ukiliondoa baada ya yeye kuitwa kujitetea, hana budi kupewa hukumu ya "acquit". Tena, mahakama ikiona baada ya ushahidi wa mashtaka kwamba hana kesi ya kujibu, au baada ya kusikiliza pande zote kwamba hatia haikuthibitika, hukumu ni hiyo hiyo ya "acquit". Lakini nchini Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akitoa hati ya kutoendelea na kesi, mshtakiwa ametuliwa mzigo tu. Wako waliotoka mahakamani kwa hati ya namna hiyo na kukamatwa tena kabla hawajafika nyumbani.

Aliyepata hukumu ya "acquit" anayo kinga. Akishtakiwa tena kwa kosa lile lile anaweza kujibu kwamba alikwisha kuachiwa. Jibu hilo mpaka leo linaitwa kwa Kifaransa cha kale "autrefois acquit". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliweka miongoni mwa haki za mshtakiwa, na sheria ya Tanzania inalilinda pia. Hata hivyo kinga hiyo ina mipaka. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa, na hukumu ikitenguliwa kinga nayo inaondoka. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 2003 iliruhusu baadhi ya makosa makubwa yasikilizwe tena ukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu.

Ni dhahiri basi kwamba "kuachiwa huru" likitumika kwa vitenzi vyote viwili, Kiswahili kinaficha jambo ambalo mshtakiwa anahitaji kulijua kuliko mengine yote. Si kwamba lugha yetu ni maskini. Lugha inayojua kutua mzigo na kufuta deni haiwezi kuitwa maskini. Kinachohitajika ni watungaji na wafasiri wa sheria kukubaliana juu ya maneno mawili na kuyashika. Mpaka hapo, hakimu atafanya vema akiongeza sentensi moja ya kueleza matokeo: ama, "Umeachiwa kwa kuwa hukupatikana na hatia, wala hutashtakiwa tena kwa kosa hili isipokuwa hukumu hii itenguliwe"; au, "Umeachiwa kwa sasa, lakini mashtaka haya yanaweza kurudishwa."

6. Neno hili na lugha ya Maandiko

Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kuona kwamba mambo tuliyoyasema yanagusa fundisho la kuhesabiwa haki. Yafaa tuwe waangalifu hapa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia "acquit" katika Ayubu 10:14 na Nahumu 1:3, mahali ambapo Kiebrania kina kitenzi "naqah", kuwa safi na huru na lawama. Na mahali pote pawili panasema kwamba Mungu hamwachilii mwenye hatia. Kumbukumbu la Torati 25:1 inawaagiza waamuzi wampe haki mwenye haki na kumhukumu mwovu, na Mithali 17:15 inamlaani anayefanya kinyume. Ndipo Paulo, katika Warumi 4:5, anasema juu ya Mungu anayemhesabia haki asiye na haki. Mwanasheria yeyote aliyeisoma Mithali lazima ashtuke.

Neno "acquit" kwa maana yake ya mahakamani ya leo haliwezi kubeba fundisho hilo, maana mahakama humwachia mtu kwa kuwa deni halikuonekana, bali Injili husema deni limeonekana lote. Tafsiri moja ya Kiingereza ya karne ya 20 ilitumia neno hilo katika Warumi 5:18, na msomaji anaweza kudhani kwamba Mungu alikosa ushahidi wa kutosha. Ila maana ya kale, ile ya hazina na ya bwana wa kati, inakaribia zaidi: deni lipo, limekwisha kulipwa, na mwenye kudai amenyamaza. Wakolosai 2:14 inazungumza juu ya hati ya deni iliyofutwa, na katika Filemoni 18 Paulo anaomba deni la Onesimo liandikwe juu yake. Sisemi kwamba sheria ya Uingereza ilijifunza kwa Paulo, wala kwamba Paulo anahitaji sheria hiyo. Nasema tu kwamba mhubiri anayetafuta mfano atafute katika stakabadhi kuliko katika kizimba.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba "acquit" lilianza kama neno la deni lililotulia, likaingia katika jinai kwa kuwa mashtaka ni dai, na likafika kwetu likiwa na mwenzake ambaye maana yake ni kutua mzigo tu. Tumeona pia kwamba neno sahihi halimsaidii mtu asiyelielewa, wala yule aliyebaki ndani kwa ajili ya ada.

Kwa hiyo mchungaji anayempokea mtu kutoka mahabusu, kabla ya kuitisha ibada ya shukrani, na amsaidie kupata majibu ya maswali matatu. Je, ushahidi ulisikilizwa, au shauri liliondolewa tu? Je, hakimu alisema hana hatia, au alisema aende? Je, anayo nakala ya hukumu mkononi? Nakala hiyo ndiyo stakabadhi yake. Siku askari watakapobisha hodi kwa ajili ya jambo lile lile, karatasi hiyo itasema kwa niaba yake kwamba dai limekwisha kutulia.